Mbiu Isiyolia

Mfugaji wa Idodi, kule Iringa ambako malisho yanakaribia Hifadhi ya Ruaha, hahitaji darubini kujua mambo yameharibika. Mvua zimepitiliza, mbu wamejaa, halafu kondoo na mbuzi wanaanza kutupa mimba, leo mmoja, kesho zizi zima. Wana-kondoo wa siku chache wanakufa karibu wote. Daktari wa mifugo akisikia hivyo, wazo la kwanza ni Homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kiligunduliwa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na katika mlipuko wa mwaka 2007 kiliua zaidi ya watu 100 Tanzania.

Kinachonishangaza kila mara ni udogo wa mwuaji huyu. Urithi wake wote ni vipande vitatu vya RNA. Seli ya ini kinayoivamia ni kubwa mno kuliko chenyewe, tena si nyonge. Ina vipokezi vinavyotambua RNA ya kigeni, na vikiitambua, kiini cha seli hutoa amri ya kutengeneza interferoni. Hiyo ndiyo mbiu ya mgambo: inatoka nje, seli jirani zinaisikia na kujiandaa. Ni kinga ya asili, tuliyozaliwa nayo, isiyosubiri chanjo.

Kirusi hiki huzuia mbiu isilie. Chenyewe huzaliana nje ya kiini cha seli, lakini protini yake moja, NSs, huingia mpaka ndani ya kiini na kujisokota kuwa nyuzi zinazoonekana kwa darubini. Humo hutibua mtambo wa kunakili jeni, hivyo amri ya interferoni haiandikwi. Pia husababisha kuvunjwa kwa PKR, mlinzi ambaye angesimamisha utengenezaji wa protini ili mvamizi akose cha kuzaliana nacho.

Ushahidi uko wazi. Mwaka 1974, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, mgonjwa mwenye homa nyepesi alitoa kirusi ambacho baadaye kilizaa aina iitwayo Clone 13. Imepoteza karibu asilimia 70 ya jeni ya NSs. Panya wa kawaida wakichomwa hawaugui; panya wasio na kipokezi cha interferoni wanakufa. Afrika Kusini imeifanya chanjo ya mifugo.

Kuna vita vingine, vya chakula. Ili kijizidishe, kirusi kinahitaji mafuta ya kujengea utando. Seli ina kimeng'enya AMPK, mtunza ghala wake: akiba ya nishati ikipungua, huzuia utengenezaji wa mafuta. Katika maabara, seli zilizoambukizwa huamsha AMPK, na zile zisizo nacho huzalisha kirusi kwa wingi zaidi. Ukizipa seli mafuta kutoka nje, kirusi kinanenepa tena. Kwa hiyo seli iliyonyimwa mbiu bado inaweza kumnyima mgeni ugali.

Mfugaji anayevuta kondo la nyuma la mbuzi mwenye kirusi hiki kwa mikono mitupu Jumatatu hasikii chochote jioni hiyo. Anakula, analala vizuri. Homa humjia baada ya siku mbili hadi sita, na muda wote huo, ndani ya ini lake, NSs imekuwa ikisokota nyuzi.