Si Kila Alalamikiaye Upepo Amekataa Kushindwa

Asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapana mwanafunzi nchini Kenya aliyemaliza shule ya msingi bila kuisikia methali hii ikitamkwa, aghalabu na upande ulioshinda. Ni methali njema, nami sikusudii kuipinga. Hata hivyo, kwa muda sasa nimekuwa na shaka na namna tunavyoitumia, na shaka hiyo ilizidi jioni moja katika ukumbi wa chuo ambamo wanafunzi huchezea mpira wa vinyoya.

Ukumbi huo una madirisha ambayo vioo vyake vya upande mmoja vilivunjika zamani. Siku hiyo msichana mmoja mwenye bidii alishindwa na mwenziwe ambaye hakuwa amewahi kumshinda. Alipotoka uwanjani alisema upepo ulimsumbua. Waliokuwapo waliangua kicheko, na mmoja wao akamtupia methali yetu. Nami nilicheka. Baadaye, ukumbi ulipobaki mtupu, nilichukua raketi nikapiga kinyoya kutoka kila upande. Kutoka upande wa madirisha kilivuka mstari wa nyuma kikatoka nje. Kutoka upande wa pili, kwa nguvu zile zile, kilianguka katikati ya safari. Kumbe msichana yule alisema kweli. Isitoshe, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi, walikuwa wamecheza seti moja tu, bila kubadilishana pande.

Asiyeujua mchezo huu huenda akashangaa kwamba upepo kidogo wa ndani ya nyumba unaweza kuamua mshindi. Na akitazame kinyoya chenyewe. Kina manyoya 16 yaliyochomekwa katika kipande cha gamba la mti, na uzito wake wote ni kati ya gramu 4.74 na 5.50. Kikipigwa kombora kinaweza kutoka kwa kasi kuliko gari lolote la barabarani, lakini hewa hukikamata papo hapo, kikapunguza mwendo na kushuka. Chombo kinachoitii hewa kiasi hicho hakiwezi kuwa na siri nayo. Mchezaji wa Mombasa akija Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na vinyoya alivyovizoea pwani, ataviona vikipaa na kuvuka mstari, kwa maana hewa ya huku ni nyepesi zaidi. Ndiyo sababu vinyoya hutengenezwa kwa viwango mbalimbali vya kasi na hujaribiwa kabla ya mchezo. Kikipigwa kwa nguvu kutoka mstari wa nyuma, kinyoya kifaacho huanguka kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili.

Waliotunga sheria za mchezo waliyajua haya. Hawakudai kwamba uwanja una pande mbili zilizo sawa. Waliamuru wachezaji wabadilishane pande baada ya kila seti, na ikiwa kuna seti ya tatu, wabadilishane tena mmoja wao anapofikisha pointi 11. Amri hiyo ni fupi lakini hekima yake ni kubwa. Ilivyo ni kwamba sheria haiahidi kuuondoa upepo. Inaahidi kuugawa.

Kwa sababu hiyo, malalamiko mazito kabisa katika mchezo huu si yale ya kusema upepo ulivuma, bali ya kusema haukugawanywa. Katika Michezo ya Asia ya mwaka 2014 mjini Incheon, Korea Kusini, timu ya wanaume ya Japani ilishindwa na wenyeji katika robo fainali. Japani ilikuwa imetwaa Kombe la Thomas miezi michache tu kabla ya hapo, kwa hivyo matokeo hayo yaliwashtua wengi. Wajapani walidai kwamba hewa kutoka kwa mitambo ya kupoza ukumbi ilikuwa ikiwaelekea wao hata baada ya kubadilishana pande. Waandaaji walikanusha kwamba kulikuwa na hila yoyote. Mimi sikuwako, wala sina uwezo wa kuhukumu. Nataka tu msomaji aone jinsi dai lilivyojengwa. Hawakusema, "Palikuwa na upepo." Walisema upepo uliwafuata. Hilo ni dai linaloweza kuchunguzwa, na lililostahili kujibiwa kwa uchunguzi wala si kwa methali.

Tugeukie Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, ambayo ilifanyika mwaka 2021 badala ya 2020 kwa sababu ya janga la korona. Bingwa aliyetarajiwa kwa upande wa wanaume alikuwa Kento Momota wa Japani, mchezaji nambari moja duniani, aliyeshinda mataji 11 katika mwaka 2019 pekee. Mnamo Januari 2020 alipata ajali ya barabarani nchini Malaysia ambapo dereva wa gari alilopanda alifariki, naye baadaye akafanyiwa upasuaji karibu na jicho. Alipocheza Tokyo, nyumbani kwao, viti vya watazamaji vilikuwa vitupu kwa hofu ya maambukizi. Akashindwa katika hatua ya makundi na Heo Kwang-hee wa Korea Kusini, kwa seti mbili kavu za 21-15 na 21-19. Heo hakuwa hata miongoni mwa wachezaji 30 bora duniani.

Je, tuseme Momota alishindwa na ajali? Au na ukimya wa ukumbi? Yote mawili yalikuwapo, na mwenye kuyataja hasemi uongo. Lakini Heo alicheza katika ukumbi ule ule usio na watu, akapiga vinyoya vile vile, akabadilishana pande kama alivyobadilishana mwenziwe. Kisha naye akashindwa katika robo fainali na Kevin Cordón, mchezaji wa miaka 34 kutoka Guatemala, nchi isiyotajwa sana katika mchezo huu. Cordón aliishia nusu fainali mbele ya Viktor Axelsen wa Denmark, aliyetwaa dhahabu. Kusema kwamba wawili hao walibebwa na bahati ni kuwapora jasho lao.

Hapa ndipo mwanaisimu anapoomba nafasi ya kusema neno. Kiswahili kina maneno mawili ambayo tunayachanganya: sababu na kisingizio. Kisingizio kinatokana na kitenzi singizia, yaani kumbebesha mtu kosa ambalo si lake. Anayetoa kisingizio, basi, huuzulia upepo kosa. Sababu ni kitu kingine kabisa. Ipo hata kama haijatajwa, na inaweza kupimwa na mtu asiyekuwa na ushabiki, kama nilivyoipima mimi kwa raketi ya kuazima. Tofauti kati ya maneno haya haimo katika sauti ya anayelalamika, wala katika idadi ya wanaomcheka. Imo katika kipimo.

Zaidi ya hayo, jambo moja linaweza kuwa sababu ya kweli na bado likageuzwa kisingizio. Katika Olimpiki ya London ya mwaka 2012, ratiba ya wanawake wawili wawili ilipangwa kwa namna ambayo kushindwa mechi ya mwisho ya kundi kungeweza kumpa mtu mpinzani mwepesi baadaye. Kasoro hiyo ilikuwapo. Lakini jozi nne, kutoka Uchina, Korea Kusini na Indonesia, ziliitumia kasoro hiyo kucheza ovyo makusudi mbele ya watazamaji waliolipa, na wachezaji wote wanane wakafukuzwa mashindanoni. Hao, kwa mzaha mchungu, walikubali kushindwa kupita kiasi! Mmoja wao alikuwa Greysia Polii wa Indonesia. Hakuacha mchezo. Mwaka 2021 mjini Tokyo, yeye na Apriyani Rahayu walitwaa dhahabu ambayo wachache walikuwa wamewatabiria, wakiwashinda Wachina katika fainali.

Nawaandikia walimu na wanafunzi, na bila shaka wamekwisha kuona ninakoelekea. Shuleni nako kuna matokeo yanayoshangaza, na kuna upepo. Watahiniwa wawili hukalia karatasi moja ya kemia; mmoja amefanya majaribio katika maabara kwa miaka minne, mwingine ameiona mirija ya majaribio katika picha ya kitabu. Katika mtihani huo hakuna pointi ya 11 ambapo msimamizi husimama na kusema, "Sasa badilishaneni pande." Yule wa shule isiyo na maabara akitaja hali yake, tusiharakishe kumwambia kwamba si mshindani. Tumwulize kwanza alichokosa, kisha tukapime. Na akimpita yule wa maabara, kama inavyotokea kila mwaka katika shule fulani, tusimwite mwenye bahati.

Kwa upande wao, wanafunzi wakumbuke kwamba upepo ukishagawanywa sawa, kinachobaki ni mkono wao. Aliyebadilishana pande mara mbili na bado akaulaumu mlango ulioachwa wazi anasingizia, na methali yetu ilitungwa kwa ajili yake.

Wiki iliyofuata nilimtafuta msichana yule nikamweleza nilichokiona, nikamwomba radhi kwa kicheko changu. Hakudai ushindi. Aliomba mechi ya seti tatu, zenye kubadilishana pande kama sheria inavyotaka. Ilichezwa, na akashindwa tena, safari hii kwa pointi mbili katika seti ya tatu. Alimpa mwenziwe mkono bila kuutaja upepo.