Mofu zenye bei: kwa nini chatu wawili wa aina moja hawauzwi sawa

Katika somo la mofolojia tunafundishwa kwamba mofu ni umbo linalosikika au kuandikwa, na kwamba nyuma yake mna mofimu ambayo haionekani. Neno hilo limetoka katika Kigiriki, ambako morphe ni umbo. Wengi wetu hatujui kwamba neno hilohilo linatumiwa kila siku na watu wa kazi nyingine kabisa, yaani wafugaji wa nyoka wa Marekani na Ulaya. Kwao mofu ni nyoka mwenye rangi au madoa yasiyo ya kawaida, anayeweza kuyarithisha kwa watoto wake. Na kwao kila mofu ina bei.

Tofauti za bei hizo zinashangaza. Chatu mmoja anauzwa kwa makumi kadhaa ya dola. Mwingine wa spishi ileile, mwenye ukubwa uleule na anayekula panya walewale, anauzwa kwa maelfu ya dola. Unga wa mahindi unapopanda bei Lubumbashi tunajua pa kutafuta sababu: mavuno, mafuta ya lori, foleni ya Kasumbalesa. Lakini kumlisha nyoka wa bei kubwa hakugharimu zaidi ya kumlisha nyoka wa bei ndogo. Tofauti yao basi inatoka wapi? Makala haya yanajibu hivi: mnunuzi halipii tu nyoka anayemwona, analipia pia habari juu ya watoto ambao hawajazaliwa. Na sehemu kubwa ya habari hiyo hubebwa na maneno.

Nyoka mwenyewe

Tutachukua mfano mmoja tu, ulio maarufu kuliko yote: chatu wa kifalme, ambaye wanasayansi wanamwita Python regius. Kifaransa nacho kinamwita wa kifalme. Wamarekani wamempa jina lenye maana ya chatu-mpira, kwa sababu akiogopa hujikunja mviringo na kuficha kichwa katikati. Si yule chatu mkubwa wa mito yetu. Huyu kwa kawaida ana urefu wa mita 1 hadi mita 1 na nusu, na ni mpole. Anaishi katika savana kuanzia Senegal hadi Uganda. Mjini Ouidah, nchini Benin, ana hekalu lake, na watu wa huko humheshimu. Lakini ni kutoka Benin hiyohiyo, pamoja na Togo na Ghana, ambako nyoka hawa wamesafirishwa kwa wingi kwenda kuuzwa ng'ambo.

Rangi yake ya asili ni kahawia na nyeusi. Mara chache sana porini huonekana mmoja aliye tofauti: mweupe na manjano kwa kukosa rangi nyeusi, au mwenye mabaka meupe mwilini kana kwamba amepakwa chokaa. Biashara yote ya mofu ilianzia kwa hao wachache.

Kuthibitisha

Nyoka wa ajabu aliyetoka porini bado si mofu. Huenda rangi yake imetokana na ajali ya joto yai lilipokuwa likiangua, na watoto wake wakazaliwa wa kawaida. Inabidi kumpandisha, kungoja mayai, kuwalea watoto hadi wakomae, kisha kuwapandisha wao kwa wao au na mzazi wao. Kwa jeni fiche, yaani ile isiyoonekana mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama pia, kazi hiyo huchukua miaka. Mmarekani Bob Clark alifaulu kuzalisha chatu wa kifalme albino mwaka 1992. Mwenzake Peter Kahl alifaulu kwa wale wa mabaka meupe mwaka 1997. Albino wa kwanza waliuzwa kwa maelfu ya dola. Bei hiyo ililipa miaka ya kungoja, na ililipa pia hatari ya kungoja bure.

Hesabu ya watoto

Hapa tunahitaji kanuni za Mendel, yule mtawa wa mbaazi wa mwaka 1866. Ukimpandisha albino na nyoka wa kawaida, watoto wote watakuwa wa kawaida kwa macho, lakini kila mmoja ataibeba jeni ya ualbino ndani yake. Wafugaji humwita nyoka huyo heti, kifupi cha neno la kisayansi linaloanza na heteros ya Kigiriki, yaani tofauti. Wanaisimu hawatashangaa: kama mwana anavyoficha mu- na -ana, vivyo hivyo umbo la nje la heti linaficha umbo la ndani.

Ukiwapandisha heti wawili, kwa wastani mtoto 1 kati ya 4 atakuwa albino. Wale 3 waliobaki wanafanana kabisa machoni, lakini 2 kati yao wanabeba jeni na 1 habebi. Ndiyo maana katika matangazo ya kuuza utasoma "heti 66%". Asilimia hiyo haielezi kiasi cha jeni kilichomo katika nyoka. Inaeleza kiasi cha shaka ya muuzaji. Nyoka wa kawaida asiyejulikana asili yake, heti 66% na heti wa hakika wanaweza kulala katika sanduku moja bila jicho lolote kuwatenganisha. Hata hivyo bei zao ni tatu.

Sasa tuongeze jeni. Ikiwa mfugaji anataka mtoto mwenye jeni fiche 2 zikionekana pamoja, kutoka kwa wazazi walio heti wa zote mbili, nafasi ni 1 kati ya 16. Kwa jeni 3 ni 1 kati ya 64. Jike hutaga mayai 6 hivi kwa mara moja, na kwa kawaida hatagi zaidi ya mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo mtoto huyo mmoja anadai, kwa wastani, utagaji zaidi ya 10. Bei ya nyoka wa namna hiyo inabeba ndani yake ndugu wote waliozaliwa bila rangi iliyotafutwa.

Jinsia na ukoo

Dume mmoja anaweza kuwapanda majike wengi katika msimu mmoja, tena huwa tayari mapema. Jike anahitaji kufikia kilo 1 na nusu hivi, na mara nyingi hiyo ni miaka 2 au 3 ya kulishwa. Kwa mofu nyingi, basi, jike huuzwa ghali kuliko dume.

Mofu iitwayo Banana inaonyesha jambo hili kwa namna ya pekee. Jeni yake imekaa kwenye kromosomu ya jinsia. Dume aliyeirithi kwa baba yake huzaa watoto wa Banana ambao karibu wote ni madume. Aliyeirithi kwa mama yake huzaa wa Banana ambao karibu wote ni majike. Madume hao wawili wana rangi moja, na kinachowatofautisha ni nasaba tu. Mnunuzi anayejua atauliza kwanza: alizaliwa na nani?

Mofu iitwayo Desert inathibitisha hoja yetu kwa upande mwingine. Rangi yake ilipendwa, lakini majike wake walijulikana kwa kushindwa kutaga mayai mazima, na wengine walikufa kwa sababu hiyo. Habari ilipoenea, mvuto wake sokoni ulipungua. Ngozi haikubadilika hata kidogo. Kilichopotea ni tumaini la watoto.

Kwa nini bei huanguka

Mchoro wa msanii aliyekufa hauzai. Nyoka anazaa. Anayenunua jozi ya mofu adimu leo anakuwa mshindani wa aliyemuuzia baada ya miaka michache. Tena chatu wa kifalme akitunzwa vizuri huishi miaka 20, 30 na zaidi, kwa hiyo bidhaa ya jana haitoki sokoni. Albino wa maelfu ya dola leo hupatikana kwa mamia machache au chini ya hapo.

Kasi ya anguko inafuata aina ya jeni. Jeni tawala hujionyesha kwa nusu ya watoto katika kizazi cha kwanza, hata mzazi mwingine akiwa wa kawaida, na hivyo huenea haraka. Jeni fiche inadai vizazi viwili, na bei yake huteremka polepole zaidi. Ndiyo sababu wafugaji hawatulii. Kila mara wanachanganya jeni za zamani kupata mseto mpya, kwa maana miaka ya faida ni ile ya mwanzo tu.

Jina kama bidhaa

Anayezalisha mofu kwanza ndiye anayeipa jina, na jina zuri linauza. Lakini majina yanaweza kuzidi vitu. Banana na Coral Glow yalitumika kwa miaka kama majina ya mofu mbili, kwa sababu zilitoka kwa wafugaji mbalimbali. Leo inakubaliwa kwamba ni jeni moja. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Lesser na Butter. Katika kamusi visawe havimgharimu mtu kitu. Katika soko hili, aliyenunua kimoja akidhani anaongeza kipya juu ya alichonacho alilipia neno.

Dawa ya hali hiyo imeanza kupatikana. Mwaka 2022 watafiti wa Eastern Michigan University walitambua jeni ya ualbino wa chatu hawa kwa kutumia magamba waliyojivua, ambayo wafugaji waliwapelekea. Kwa mofu kadhaa sasa gamba linaweza kupimwa, na "heti 66%" ikageuka kuwa ndiyo au hapana. Pale kipimo kinapofika, ahadi ya muuzaji inapungua thamani.

Yasiyoandikwa katika bei

Kuna habari ambazo soko hili limechelewa kuzihesabu. Mofu iitwayo Spider, yenye mistari myembamba kama utando wa buibui, huzaliwa na kasoro: nyoka hutikisa kichwa, hukipindua, na wengine hukosa shabaha wanapokamata panya. Picha za ndani ya fuvu zimeonyesha kwamba sikio lake la ndani, linalotunza mizani ya mwili, limeumbika vibaya. Kasoro hiyo na rangi hiyo huenda pamoja, na hakuna mfugaji aliyeweza kuzitenganisha. Hata hivyo Spider aliuzwa kwa miaka mingi, kwa sababu tangazo lilitaja rangi na likanyamaza juu ya kichwa.

Yuko pia mwindaji wa Togo au Benin anayechimba mashimo kutafuta majike wenye mayai. Biashara ya kimataifa ya chatu wa kifalme inasimamiwa na mkataba wa CITES, na spishi yenyewe sasa imewekwa na IUCN katika kundi la zile zinazokaribia hatari. Nyoka wa kawaida humletea mwindaji huyo fedha kidogo. Akimpata wa ajabu atalipwa zaidi, lakini thamani kubwa itazaliwa mbali naye, pale nyoka atakapothibitishwa, atakapopewa jina na kuandikiwa nasaba. Mwindaji ameuza nyoka tu. Maelfu ya dola wanayapata wale watakaoandika maneno juu yake.