Mwenye msiba aulizwe

Mgeni aliyefika kwenye msiba Unyakyusa miaka ya 1930 angeweza kuduwaa. Wanawake wanalia kwa sauti karibu na maiti, na hatua chache tu kutoka hapo wanaume wameshika mikuki, ngoma zinarindima, wanaruka na kukimbizana hadi vumbi linatimka. Ni rahisi kuhukumu papo hapo: hawa hawana uchungu, wamefuata starehe.

Godfrey Wilson, Mwingereza aliyeanza utafiti wake huko Unyakyusa, wilayani Rungwe, mwaka 1934, aliwauliza wenyewe. Wakamweleza kwamba kucheza kule ndiko kuomboleza. Wanacheza kwa sababu moyoni mna vita: huzuni na hofu ya kifo vimewapandisha ghadhabu, na ghadhabu hiyo lazima itoke. Makala yake kuhusu mazishi ya Wanyakyusa ilichapishwa mwaka 1939, na maelezo hayo yamo.

Mkewe, Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliungana naye mwaka 1935, wakafanya kazi huko hadi 1938. Godfrey alifariki mwaka 1944, mama huyo akabaki na madaftari ya wote wawili. Katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu mila za ukoo aliwasema waziwazi wasomi wenzake: wamejaza vitabu kwa kubahatisha maana za mila za watu wengine. Yeye alitaka maana itoke kwa mwenye mila. Namheshimu sana kwa hilo. Wakati ule Mwafrika alikuwa akisemewa karibu kila kitu, kuanzia kodi hadi dini.

Hata hivyo, hakufanya kazi hiyo peke yake. Leonard Mwaisumo alikuwa karani na mkalimani wao, na mzee Kasitile, kuhani na mganga wa mvua, alikaa na Godfrey kwa mazungumzo marefu. Bila watu hao vitabu vya akina Wilson visingekuwa na uzito vilio nao. Inauma kwamba viliandikwa kwa Kiingereza, na wajukuu wengi wa waliohojiwa hawajawahi kuvishika.

Leo anayesemewa ni mjane. Tanga likishaanuliwa, ukoo unakaa kikao kupendekeza msimamizi wa mirathi. Wanaume wako kwenye viti, yeye kwenye mkeka, khanga imemfunika hadi kwenye paji la uso. Hajasema neno. "Shemeji yetu hana tatizo," anasema mdogo wa marehemu, "tumeshaelewana." Katibu anaandika kwamba familia imeridhia, na muhtasari huo ndio unaopelekwa mahakama ya mwanzo.

Nani ameelewana na nani? Mwanamke ambaye hajalala usingizi wa maana tangu azike anainamisha kichwa, watu wanasoma ridhaa kwenye shingo yake! Huenda amechoka. Huenda anamwogopa shemeji yake, au anafikiria ada ya mtoto. Yuko hapo hapo, anasikia kila kitu, na anayejua jibu ni yeye.

Kumuuliza ni dakika moja: "Mama, wewe mwenyewe unasemaje?" Akiomba muda, kikao kiahirishwe. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa. Na kabla hajatia saini au dole gumba, katibu amsomee polepole maneno yaliyoandikwa kwa jina lake, mbele ya wote, ili ayasahihishe kama siyo yake.