Mgeni Kafumba Macho, Mwenyeji Kafunga Mlango

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini katika mji huu mpya wa intaneti nimekutana na mwenyeji amwambiaye mgeni wake: "Fumbua macho kwanza uyatazame niliyoyabandika ukutani, la sivyo, rudi utokako." Kisa changu, msomaji mpenzi, ni hiki.

Ramadhani iliyopita nalikuwa barazani baada ya Alasiri, nikitazama simuni saa ya kufuturu. Chini ya nyakati za sala palikuwa na tangazo la kamari likimetameta kama taa za harusi. Nilipotaka kuliondoa, kidole kikateleza, nikajikuta katikati ya soko la wacheza kamari, nami nimefunga! Mjukuu wangu aliyeniegemea begani akauliza: "Babu, huu mchezo gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Jioni ile nikamwita mpwa wangu, kijana mjuzi wa kompyuta, akanitilia programu ya kuzuia matangazo. Ama kwa hakika niliona raha. Kurasa zikafunguka upesi, na bando ya data iliyokuwa ikinitosha siku nne ikanifikisha siku sita.

Raha haikudumu. Siku moja nilitaka kusoma makala ya gazeti la ng'ambo juu ya miswada ya kale. Kabla sijamaliza mstari wa pili, pazia jeusi likashuka: "Tumeona unazuia matangazo. Zima programu yako ndipo uendelee." Nikamwuliza mpwa wangu: "Wamenijuaje hawa?"

Akacheka. "Mjomba, wamekutegea chambo."

Akanieleza kuwa tovuti huweka ndani ya ukurasa tangazo la uongo, dogo lisiloonekana kwa jicho, lenye jina kama la matangazo ya kweli. Programu yako ikilifuta, tovuti hutazama, ikaona chambo hakipo, ikatambua kuwa maji haya yana samaki. Hapo ndipo pazia hushuka.

Vita hivi si vya jana. Matangazo ya kwanza ya ukanda katika intaneti yalitokea Marekani tarehe 27 Oktoba 1994, katika tovuti ya HotWired, na kampuni ya simu ya AT&T ilikuwa miongoni mwa watangazaji. Mwaka 2002 mwanafunzi wa Denmark, Henrik Aasted Sørensen, akaunda Adblock. Mwaka 2014 Raymond Hill akatoa uBlock. Programu hizi hufuata orodha ndefu za matangazo, kama ile iitwayo EasyList, zinazotunzwa na watu wa kujitolea. Tovuti ikibuni chambo kipya, wao huongeza jina lake orodhani. Tovuti nayo hubuni kingine. Paka na panya. Mwaka 2023 YouTube ilizidisha kuwazuia watazamaji wenye programu hizi, na mwaka 2024 Google ilianza kuiondoa katika Chrome namna ya zamani ya viongezi, uBlock Origin ikiwamo. Firefox imeendelea kuipokea.

"Basi njia ni ipi?" nikamwuliza.

Njia, akasema, ni kadhaa. Ya kwanza ni kusasisha zile orodha, kwani huenda chambo hicho kimekwisha kujulikana. Ya pili ni hali ya kusoma iliyomo katika vivinjari vingi. Mara nyingi maandishi yameshafika simuni, nalo pazia limetandikwa juu yake tu. Hali hiyo huyatoa maandishi peke yake. Ya tatu ni kuizima JavaScript kwa tovuti hiyo, kwa sababu bawabu mwenyewe ni JavaScript. Ila kurasa nyingine bila hiyo hubaki tupu. Akanionya pia nisipakue programu yoyote ya mtu nisiyemjua iahidiyo kufungua kila mlango, maana anayekupa ufunguo wa nyumba ya mwenzio huenda anao na wa kwako.

Nikaijaribu ile ya pili. Makala ikafunguka, nikaisoma hadi mwisho. Lakini usiku usingizi ukapaa. Mimi ni mwandishi. Miaka mingi mkate wangu umelipwa na matangazo ya sabuni na mabati. Je, nimemdhulumu mwenzangu wa ng'ambo kalamu yake?

Asubuhi nikamweleza mpwa wangu. Akanijibu: "Mjomba, ukinunua gazeti ukaruka ukurasa wa matangazo, huo ni wizi?"

Hoja yake ina uzito. Tena gazeti la karatasi halikufuati chumbani kuandika umesoma nini na kwa muda gani. Wala si kila tangazo ni salama: Machi 2016 matangazo yenye programu za hujuma yalipenya hata katika kurasa za New York Times na BBC, bila wenyewe kukusudia. Huko Ujerumani, kampuni ya Axel Springer iliwashitaki waundaji wa Adblock Plus, na Aprili 2018 mahakama kuu ya Karlsruhe ikaamua kwamba kuzuia matangazo si ushindani usio wa haki.

Lakini la mahakama ni moja, na la dhamiri ni jingine. Gazeti la karatasi limeshalipwa nilipolinunua. Yule wa ng'ambo sikumlipa hata senti. Mwalimu wangu wa chuoni alitufunza kuwa mgeni hufuata masharti ya mwenye nyumba, na asiyeyapenda huaga kwa adabu. Kuinamisha macho mbele ya uchafu tumeamrishwa. Kuruka ukuta hatukuamrishwa.

Basi nimejiwekea kanuni. Programu yangu naiacha kazini, kwa ajili ya mjukuu wangu. Tovuti ikinizuia, natazama kwanza: ikiwa matangazo yake ni ya heshima, naifungulia yeye peke yake, jambo ambalo programu zenyewe huruhusu kwa kubonyeza mara moja. Ikiwa ni ya kamari na utupu, sivunji mlango, naondoka. Habari nzuri hazikosi nyumba nyingine. Na waandishi ninaowasoma kila wiki, nikiwa na uwezo, nawalipa ada yao. Lile gazeti la ng'ambo nimelilipa ada ya mwezi mmoja. Mpwa wangu alinicheka, nami nikalala.

Mlango ukifungiwa, usiuvunje kwa kani,
Bisha hodi utajuwa, mashariti ya nyumbani,
Cha haramu kikitiwa, ondoka usitamani,
Cha halali chalipiwa, kwa macho au thamani.