Mashine ya kubangulia korosho: pima mzigo kabla ya kununua kisu

MTWARA: Msimu wa korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, wafanyabiashara wadogo wa Mikindani huulizana juu ya mashine ndogo ya kubangulia nyumbani. Sehemu kubwa ya korosho ya Mtwara huuzwa ghafi kwa wanunuzi wa India na Vietnam, na faida ya kubangua hubaki huko. Mwenye mtaji mdogo anayetaka sehemu ya faida hiyo apime mambo matatu kabla ya kutoa fedha zake: kisu, mikono na mzigo.

KISU
Mashine ya kawaida ya nyumbani ni ya meza, yenye visu viwili vilivyopinda kufuata umbo la korosho. Mbanguaji huweka korosho kati ya visu, hukanyaga pedali, na visu hukata ganda pande zote bila kugusa kiini. Mtu wa pili hulifungua ganda na kutoa kiini.

Kisu kilichotengenezwa kwa korosho kubwa hakikati ndogo, na cha ndogo huvunja kubwa. Kwa hiyo mnunuzi aulize kama visu hurekebishwa au hubadilishwa, na kama vipuri vinapatikana Mtwara. Korosho nazo zipangwe kwa ukubwa kwa chekeche, kisha zipikwe kwa mvuke na kuachwa zipoe na kukauka, ili ganda likatike vizuri.

Usinunue mashine kwa kutazama muuzaji akikata korosho zake. Nenda na zako mia moja zilizokwisha kupikwa, kisha hesabu viini vizima, vilivyovunjika na korosho zisizokatika. Kwa kilo 15 za karanga kwa siku, mashine inayotoa nzima asilimia 90 inaizidi ile ya asilimia 75 kwa kilo 2.25. Katika siku 100 hizo ni kilo 225 zinazoshuka daraja na kuuzwa kwa bei ya vipande. Hasara hiyo haionekani kwenye bei ya mashine.

MIKONO
Mbanguaji wa kawaida anayetumia kigongo hutoa takriban kilo 5 za karanga kwa siku ya saa nane. Mashine ya pedali, kwa watu wawili, hutoa kama kilo 15. Kwa kila mtu, basi, ongezeko ni kutoka kilo 5 hadi 7.5, yaani mara moja na nusu. Anayeahidiwa mara tano au kumi aombe aonyeshwe.

Baada ya kubangua, karanga hukaushwa kwenye tanuri, kisha humenywa ngozi ya ndani. Mtu mmoja humenya kilo 10 hadi 12 kwa siku, kwa hiyo mashine moja huhitaji zaidi ya mmenyaji mmoja. Chombo cha mvuke, tanuri na mifuko isiyopitisha hewa viingizwe katika hesabu ya mtaji. Mafuta ya maganda huunguza ngozi: wafanyakazi wapewe glavu, au wapake mikono mafuta ya kula.

MZIGO
Kwa kukadiria kilo 5 za ghafi kwa kilo moja ya karanga, mashine moja hula kilo 75 kwa siku. Siku 100 za kazi zahitaji tani 7.5. Kwa bei ya Shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali ilitangaza Novemba 2018, mzigo huo ni Shilingi milioni 24.75. Bei hubadilika kila msimu, lakini fundisho ni lile lile: fedha nyingi hulala ghalani.

Mzigo wenyewe haupatikani kwa kuokoteza. Tangu 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, kupitia vyama vya msingi na minada ya vyama vikuu. Kununua kwa mlango wa nyuma, yaani kangomba, ni kujitafutia kesi. Ni vyema kuuliza kwanza Bodi ya Korosho, mjini Mtwara, kuhusu leseni na njia halali ya kupata ghafi. SIDO Mtwara na kituo cha utafiti cha Naliendele ni mahali pa kuuliza juu ya mashine na mafunzo.

Historia ya mkoa inaonya. Nchi ilijenga viwanda vikubwa 12 vya kubangua, vingine kwa mikopo ya Benki ya Dunia, kwa mashine za Kiitaliano na za Kijapani. Mavuno yaliyofika tani 145,000 mwaka 1973/74 yalianguka hadi kama tani 17,000 mwaka 1986/87, na viwanda vingi vilifungwa. Mashine zilikuwepo, korosho hazikutosha.

USHAURI
Mwenye uhakika wa mzigo wa miezi mitatu, soko la karanga nzima na watu wa kumenya, anunue mashine moja, aiendeshe msimu mzima, ndipo afikirie ya pili. Asiye na mzigo aweke fedha zake akiba: mashine isiyo na korosho ni chuma tu.