Shamba na mtego: msitu ambao Wagenia wanauhitaji

Ndugu wanachama, kila mtu aliyepita kwenye maporomoko ya Wagenia, hapa Kisangani, ameona ile mitego: magogo marefu yamesimikwa katika mashimo ya mawe, yamefungwa kwa kamba za msitu, na vikapu vikubwa vinangoja samaki katika maji makali. Watu wanasifu uvuvi tu. Lakini angalieni vizuri: mtego mzima umetoka msituni. Maji yakichukua magogo, lazima kukata mengine. Msitu ukirudi nyuma, mvuvi anafuata kamba mbali, ao ananunua. Kwa hiyo kufyeka kwetu kunamgusa hata yule asiyelima.

Wazee hawakukata yote. Waliacha mti wa viwavi, safu na ngazi, wakapanda mihogo na makemba katikati. Baada ya misimu miwili mitatu shamba lilipumzika miaka mingi, na lile pori changa liliendelea kutoa kuni, dawa na fumbwa. Wakati wa Wabelgiji, watafiti wa INEAC kule Yangambi, taasisi iliyoundwa 1933, walipanga desturi hiyo kwa kanda za mita 100: ukanda mmoja unalimwa, wa jirani unabaki msitu ili utoe mbegu. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Lakini mkulima alilazimishwa, na jambo la kulazimishwa halikudumu.

Leo shida ni muda. Makala inalipa haraka, pori halipewi nafasi ya kukomaa, udongo unachoka.

Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke upande wa Kinshasa, akasia ilipandwa kwenye hektari 8,000 hivi. Mizizi na majani yake yanarudishia udongo nguvu. Ikifika miaka kama 10, mkulima anaikata, anachoma makala, analima mahindi na mihogo palepale. Moto wa kusafisha shamba unaamsha mbegu za akasia zilizolala ardhini. Zinaota zenyewe, yeye anapunguza tu.

Kwetu akasia iende kwenye mashamba yaliyochoka, kamwe si mahali pa msitu uliosimama. Haitoi kamba.

Na safu? Panda mbegu ingali mbichi, siku chache tu baada ya kula tunda, ikikauka imekufa. Mche mdogo unapenda kivuli, basi uweke chini ya makemba. Kabla ya kufyeka msimu ujao, kila kikundi kipite shambani na kutia alama miti itakayobaki, panga likiwa bado nyumbani.