Mjamzito wa Kichiwa Hakosi Mazoezi

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito asiye na tatizo la kiafya aushughulishe mwili walau dakika 150 kwa wiki. Msomee hayo mwanamke wa Kichiwa, jirani na Makambako, atakucheka. Dakika hizo kwake ni za Jumatatu, tena kabla ya jua la utosi.

Huko kwao Ubenani, nchi ya Wabena, msichana huolewa akiwa ameshazoea jembe, kuni na ndoo. Akishika mimba hapunguzi kitu, kwa kuwa mimba changa haitangazwi. Mwenye nayo hunyamaza kwa kuhofia macho ya watu, na aliyenyamaza atakwepaje zamu ya kisimani? Nafuu kidogo huja tumbo likishaonekana. Hata hapo wazee humhimiza asibweteke: mimba ya mvivu, wanasema, ina uchungu mrefu.

Hawajakosea sana. Kutembea na kazi nyepesi humfaa mjamzito. Balaa ni mzigo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, na itazame inavyopanda: mama anaweka ngata, anainama, anakaza mgongo, anaifikisha magotini, kisha kifuani, ndipo kichwani. Akiwepo mwenzake wa kumtwisha, uzito huo unagawanyika. Kwangu mimi, kutwishana ndiyo desturi bora kuliko mawaidha yote. Ila nyumbani atatuliwa na nani? Mume angefaa, lakini palizi ya mahindi huja na mvua, na mvua hiyo hiyo huleta ulanzi, pombe ya mianzi. Baadhi ya kina baba hutoka shambani mapema kuliko inavyostahili, wakaufuata huo badala ya kurudi nyumbani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mkulima hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake iko mikononi mwa mume, wifi na mama mkwe, nao huitoa mtoto akishazaliwa: uji, maji ya moto, kukandwa. Ni wema mkubwa, lakini unachelewa miezi kadhaa.

Kina baba wa Kichiwa, mke akikunong'oneza habari njema, mpeleke kliniki kabla ya wiki 12, na ndoo ichukue wewe siku hiyo hiyo. Baiskeli mnazo, bodaboda mnazo.